Mvumo wa Umeme na Kilio cha Mtoto: Tuondoe Nini Katika Mahubiri?



Tangu tulipoanza kurekodi ibada za ushirika wa Majanji moja kwa moja kwenye kompyuta, tumeletewa malalamiko ya aina mbili, na yanapingana. Washirika wengine wanasema: kama mmeweza kuondoa ule mvumo wa umeme uliokuwa nyuma ya sauti ya mhubiri, kwa nini hamkuondoa pia watoto wanaolia, wazee wanaokohoa na injini za mashua zinazopita ziwani? Wengine wanasema kinyume chake: ninyi ni nani hata mguse kwa kompyuta neno lililokwisha kuhubiriwa? Kama Bwana aliruhusu lisikike vile, liacheni vile. Tumeona si vema kuwajibu watu mmoja mmoja mlangoni mwa kanisa. Swali hili ni zito kuliko linavyoonekana, kwa maana linahusu ukweli. Mtu anapoondoa kitu katika ushuhuda, ni wakati gani anausafisha, na ni wakati gani anauharibu?

Kwa wale ambao ni wageni kati yetu, tueleze kidogo kwa nini rekodi hizi zinatusumbua mioyo hivyo. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa tarehe 27 Desemba 2007, maelfu ya watu walivuka mpaka wa Busia na Malaba mapema mwaka 2008. Wengi walikaa katika kituo cha muda cha Mulanda, wilaya ya Tororo, na baadaye mwaka huohuo wakahamishiwa Kiryandongo. Wengine hawakupanda magari yale. Walikuwa na jamaa huku mpakani, au walipata kazi ya samaki, wakabaki kando ya ziwa. Ndiyo sababu familia moja unaweza kuikuta mahali patatu: mama yuko makazini, kijana yuko Majanji anaanika mukene (sisi wa upande wa pili tunasema omena), na baba alirudi Kenya kuangalia kama shamba lingali lake. Nauli ya kukutana haipatikani kila mwezi. Kinachosafiri ni memori kadi. Ibada ya Majanji inasikilizwa makazini, ya makazini inasikilizwa Majanji, na mara nyingi mtu haulizi kwanza ni nani aliyehubiri. Anauliza kama sauti ya dada yake inasikika katika wimbo.

Sasa tuanze na mvumo wenyewe, kwa maana wengi walidhani ni ubovu wa kompyuta. Umeme wa gridi, Uganda na Kenya, hauendi upande mmoja tu kama maji ya bomba. Huenda na kurudi mara 50 kila sekunde. Mwendo huo ukiingia katika waya wa sauti, unageuka mlio mzito, mmmm, kama nyuki ndani ya mzinga, na mara nyingi mwenzake wa 100 husikika kuliko yule wa 50. Una milango mingi ya kuingilia, lakini mlango mkubwa ni huu: amplifaya imechomekwa kwenye soketi ya ukuta mmoja, kompyuta kwenye soketi ya ukuta mwingine, na kila kimoja kina njia yake ya kwenda ardhini. Halafu sisi tunakuja kuviunganisha kwa waya wa sauti. Hapo tumechora mviringo mkubwa bila kujua, na umeme kidogo unapata njia ya kuzunguka kupitia lile ganda la waya wa sauti. Kila kifaa ni kizima. Ubaya uko katika jinsi tulivyoviunganisha. Jaribio lake ni rahisi: chomoa chaja, kompyuta ifanye kazi kwa betri yake. Mvumo ukinyamaza, basi umeshajua ulikopitia.

Dawa yake haihitaji fedha nyingi. Vifaa vyote vipate umeme kutoka ekstensheni moja. Waya za sauti zisilale pamoja na waya za umeme, na pale ambapo lazima zikutane, zikatane kama msalaba. Palipo na uwezo, kuna transfoma ndogo ya kuwekwa katikati ya miksa na kompyuta: sauti inavuka, lakini waya hazigusani. Simu ya mhubiri isikae mfuko wa koti karibu na maiki, kwa maana ule mlio wa dit-dit-dit tunaousikia kabla ya mtu kupigiwa ni wake, na hauhusiani na shetani kama ndugu mmoja alivyotueleza. Ukitumia jenereta ndogo ya petroli, ujue kwamba haishiki 50 sawasawa. Mzigo ukiongezeka inapungua, na mvumo wake unayumba nayo. Sola nayo, kama inapitia inveta, ina mlio wake mwembamba. Kinasa sauti kidogo cha betri, kikiwekwa juu ya mimbari, hakina mgogoro na yeyote kati ya hawa.

Iko dawa nyingine ambayo utaelekezwa haraka na fundi yeyote wa barabarani. Atakuambia ufungue plagi, ukate ule waya wa kijani na njano unaokwenda kwenye pini ya tatu, na mvumo utaisha. Anasema kweli, utaisha. Lakini waya ule ndio unaobeba umeme kwenda ardhini siku chombo kitakapoharibika ndani. Ukishaukata, njia inayobaki ni mwili wa mtu anayeshika maiki, na midomo yake iko karibu na chuma. Tarehe 30 Oktoba 2005, huko Waco, Texas, mchungaji Kyle Lake alikuwa amesimama ndani ya maji ya kisima cha ubatizo mbele ya kanisa lake, akanyoosha mkono kushika maiki, akapigwa na umeme, akafa. Alikuwa na miaka 33. Hatuwatajii hili kwa kutaka kuwatisha. Majanji tunabatiza ziwani, na kila mara hutokea mtu mwenye nia njema anayetaka kuvuta waya mrefu hadi ukingoni ili wasikie wote. Hapana. Penye maji tunatumia betri, au tunatumia koo.

Tumeligusa jambo hili kwa urefu kwa sababu ndipo swali la haki linapoanzia. Unapotaka usafi wa sauti, uliza kwanza nani anaulipia. Tunaweza kupata rekodi isiyo na doa kwa kumweka mhubiri hatarini. Tunaweza kuipata pia kwa kumwambia mama mwenye mtoto mchanga akae nje juani. Yote mawili yamewahi kufanyika katika makanisa mengi, na la pili linafanyika hata leo, tena kwa tabasamu.

Turudi kwenye kompyuta. Baada ya kurekebisha waya, mvumo hupungua sana lakini mara nyingi unabaki kidogo. Hapo tunatumia programu ya bure iitwayo Audacity, ambayo watu wengi duniani wamekuwa wakiitumia tangu ilipotolewa mwaka 2000. Namna inavyofanya kazi inafaa kufikiriwa na kila Mkristo. Unaichagulia sekunde chache za rekodi ambazo ndani yake kuna kelele peke yake. Programu inazisikiliza, inajifunza, kisha inapita katika rekodi nzima ikipunguza kila kinachofanana na zile sekunde. Yenyewe haijui mvumo ni nini. Inajua tu kile tulichoiambia kwamba ni kelele.

Sasa, katika ibada ya watu wetu, sekunde za kelele peke yake utazipata wapi? Tulitafuta mahali ambapo mhubiri amenyamaza. Tukazikuta sekunde kama nane baada ya kusema, tuinamishe vichwa. Tukaziongeza sauti tusikilize. Mvumo ulikuwepo, naam. Lakini alikuwepo pia mtu anayeshusha pumzi kwa uzito. Kulikuwa na mama anayenong'ona kwa Kisamia. Kulikuwa na benchi linalolia mtu akipiga magoti. Kama tungeichukua sehemu ile na kuiambia kompyuta kwamba hii ni kelele, tungekuwa tumeifundisha kwamba maombi ya watu ni uchafu, nayo ingetii. Kwa hiyo siku hizi tunarekodi sekunde kumi za ukumbi mtupu kabla ya watu kuingia, vifaa vyote vikiwa vimewashwa. Hizo ndizo tunazoipa programu. Wale wanaotuona tumesimama kimya kama walinzi saa mbili asubuhi, sasa mnajua tunachofanya.

Hata hivyo kuna mpaka. Sauti ya mwanamume anapozungumza, sehemu yake ya chini kabisa, kwa kawaida iko kati ya mitikisiko 85 na 180 kwa sekunde. Yule mwenzake wa mvumo, wa 100, anaishi ndani ya nyumba hiyohiyo. Ukimfukuza kwa nguvu, unamfukuza na mwenye nyumba. Mhubiri mwenye sauti nzito anatoka akisikika kama anaongea ndani ya debe, au chini ya maji. Ndiyo maana tunasema bora kurekebisha waya kwanza. Kinachozuiwa mlangoni hakihitaji kutafutwa chumbani.

Basi, kelele ni nini? Tulipoulizana katika kamati, jibu la kwanza lilikuwa kwamba kelele ni kile kisichopendeza. Tulilikataa upesi. Kwa kipimo hicho, kuna wahubiri ambao tungewaondoa wenyewe, na baadhi ya kwaya. Jibu la pili lilikuwa bora: kelele ni kile ambacho mtu aliyeketi kwenye benchi siku ile hakukisikia. Mvumo ulioingia kati ya miksa na kompyuta haukuwepo kanisani. Haukutoka kinywani mwa mtu, haukugonga sikio la mtu. Ni vumbi lililoangukia barua ikiwa njiani. Kuupangusa si kuigusa barua. Mtoto, kwa upande wake, alilia kanisani, na wote walimsikia, na mhubiri alingoja kidogo. Ukimwondoa, ule ungojeaji unabaki bila sababu, na msikilizaji atadhani mhubiri alisahau.

Lakini jibu hili nalo lina shida, na haki inatudai tuiseme. Wakati mwingine mvumo hutoka katika spika za kanisani zenyewe, na aliyeketi kwenye benchi aliusikia kutoka zaburi hadi baraka. Je, hapo tuuache kwa kuwa ulikuwepo? Tunaona hapana, na sababu yetu ni kwamba hakuna aliyekuja nao. Mtoto aliletwa na mama yake mbele za Bwana. Kikohozi kina mtu. Mvumo hauna mtu. Kuhusu mvua, hapo tulibishana jioni nzima. Mvua ya Majanji juu ya mabati inaweza kumeza mahubiri yote, na mvua haina mtu. Lakini ina Mwenyewe, na siku ile watu walimshukuru kwa ajili yake baada ya ukame. Tulikubaliana kuipunguza na si kuiondoa. Mzee mmoja wa kamati hajakubali mpaka leo, na tunamheshimu.

Tukitazama Maandiko, tunaona waandishi hawakuwa na haraka ya kusafisha. Katika Matendo 20, Paulo anahubiri Troa mpaka usiku wa manane, kijana Eutiko amekaa dirishani, usingizi unamshinda, anaanguka kutoka ghorofa ya tatu. Luka anaandika yote hayo. Na tazama jambo la ajabu: maneno ya mahubiri yale marefu hayakuandikwa hata moja. Tunachojua juu ya ibada ile ni taa nyingi, kijana aliyesinzia, kilio, mkate uliomegwa, na furaha kwamba kijana yu hai. Mwenzetu wa leo mwenye kompyuta angefanya kinyume: angebakiza mahubiri na kumkata Eutiko.

Tena tazama 1 Wakorintho 1, mstari wa 14 hadi 16. Paulo anatoa shukrani kwamba hakubatiza mtu kule ila Krispo na Gayo. Halafu, katika mstari wa 16, anakumbuka kwamba aliwabatiza na watu wa nyumbani mwa Stefana, na anaongeza kwamba zaidi ya hao hakumbuki vizuri. Aliyekuwa akiandika angeweza kusema, mtumishi, ngoja tufute mstari ule wa kwanza tuandike upya. Ingekuwa rahisi. Haukufutwa. Kanisa limesoma kwa karibu miaka elfu mbili mtume akijikumbusha mbele ya watu, na mamlaka ya barua ile haikupungua. Kwa hiyo tunapoombwa na mhubiri kwamba tumwondolee mahali alipotaja kitabu cha Hosea akimaanisha Yoeli, tunamwambia kwa upole ajisahihishe Jumapili inayofuata. Nayo tutairekodi.

Iko sehemu ngumu zaidi, na hii tunaomba wazazi waisome pole pole.

Katika ibada zetu watu hutoa ushuhuda. Wengine hutaja jina la jirani aliyechoma nyumba. Wengine husema mtoto wao yuko kwa nani sasa, shule gani, mji gani. Maneno hayo yakisemwa mbele ya watu sitini wanaojuana ni maombi. Yakiingia katika memori kadi, na kadi ikavuka mpaka, ikanakiliwa dukani kwa mtu anayejaza nyimbo kwenye simu, hayajulikani yatafika masikio ya nani. Hapa tunakata. Tunakata maneno halisi ya mtu halisi, yaliyosikiwa na kila aliyeketi kwenye benchi. Je, hatujavunja kanuni yetu wenyewe?

Yeremia 36 inatusaidia, kwa sababu inatuonya. Baruku aliandika maneno ya nabii katika gombo. Liliposomwa mbele ya mfalme Yehoyakimu, kila kurasa tatu nne ziliposomwa, zilikatwa kwa kisu cha mwandishi na kutupwa motoni. Kisu kile kilikuwa chombo halali. Kila mwandishi alikuwa nacho, kwa kazi ya kutengeneza. Ubaya haukuwa katika kisu. Yule aliyekata alitaka neno lisiwepo kabisa, na hakumwuliza aliyelisema. Kwa hiyo sisi kabla ya kukata tunamwendea aliyetoa ushuhuda, tunamsikilizisha, na anayeamua ni yeye. Kisha mahali pale hatupaungi kimyakimya ili paonekane pazima. Tunaweka sauti ya mmoja wetu inayosema: hapa pameondolewa maneno kwa ajili ya usalama wa mtu. Wengine wanasema inakatiza baraka. Inakatiza, ndiyo. Lakini msikilizaji hajadanganywa. Na rekodi ya kwanza, nzima, inabaki imefungiwa.

Wakenya kati yetu wanakumbuka bahasha ya Jaji Waki. Tume yake iliyochunguza vurugu za baada ya uchaguzi ilitoa ripoti yake Oktoba 2008, lakini majina ya walioshukiwa kuhusika zaidi hayakuchapishwa. Yalitiwa katika bahasha iliyofungwa, akakabidhiwa Kofi Annan, naye Julai 2009 akaipeleka kwa mwendesha mashtaka wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, Luis Moreno-Ocampo. Watu walilaumu sana, upande huu na upande ule. Hatuingii katika siasa hiyo. Tunasema tu kwamba nchi nzima iliambiwa iko bahasha, ndani yake yamo majina, na hayajasomwa. Kuficha jina ni jambo moja. Kuficha kwamba umeficha ni jambo lingine, na hilo la pili ndilo tunalolikataa.

Kuna sababu nyingine ya kuitunza rekodi ya kwanza, na hii ilitushangaza tulipoifahamu. Ule mtikisiko wa 50 hausimami pale pale. Unapanda kidogo na kushuka kidogo, muda wote, kadiri watu wanavyowasha na kuzima vitu. Na mahali popote katika gridi moja, unapanda na kushuka pamoja, kwa dakika ileile. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mtaalamu wa Romania, Catalin Grigoras, alionyesha kwamba mvumo uliobaki nyuma ya sauti unaweza kulinganishwa na kumbukumbu ya gridi, na ukajua rekodi ilifanywa lini, na kama ilikatwa mahali. Polisi wa London wametumia njia hiyo kuthibitisha rekodi katika kesi ya watu walioshtakiwa kuuza silaha. Kwa hiyo kile tulichokuwa tunakiita uchafu, kwa hakimu ni muhuri.

Nasi huku mpakani tunalo la kuongeza. Bwawa la Owen Falls kule Jinja, ambalo sasa linaitwa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954, na mwishoni mwa miaka hiyo ya 1950 njia kubwa ya umeme ilijengwa kupitia Tororo kwenda Kenya. Tangu hapo gridi hizi mbili zimeunganishwa pale Tororo, na zinapokuwa zimeunganishwa zinatikisika pamoja. Mvumo wa Majanji na mvumo wa Sio Port, ng'ambo tu ya mto, ni mmoja. Ukiusikia katika rekodi ya jamaa yako aliyebaki Kenya, ni uleule. Watu waliulizwa karatasi pale daraja la Malaba. Wenyewe ulipita juu.

Basi hatuufuti kabisa. Kila ibada ina nakala mbili. Ya kwanza ni kama ilivyotoka, na mvumo wake wote. Ya pili imepunguzwa mvumo. Nakala hii ya pili tuliitengeneza hasa kwa ajili ya wazee wenye masikio mazito na wagonjwa waliolala, ambao malalamiko yao yalikuwa ya haki: mtu mwenye sikio zima huweza kutenga sauti ya mhubiri na mvumo, mzee hawezi, vyote vinamfikia kama uji mmoja. Ukweli usiosikika haumfai kitu. Kwao tunapandisha sauti ya mhubiri na kushusha nyingine, lakini hatuzizimi, na mwanzoni mwa nakala tunasema tulichofanya.

Mwaka uliopita familia moja ilimzika baba yao, mzee aliyekuwa akiongoza maombi Majanji. Watoto walikuja kuuliza kama tuna sauti yake. Tuliwapa nakala iliyosafishwa, kwa kuwa ndiyo nzuri. Siku ya pili binti alirudi akauliza kama kuna ile nyingine. Alisema baba alikuwa na kikohozi kabla ya kusema amina, na hapa kimekuwa kidogo mno. Tulimpa.

Sasa vijana wametuletea programu mpya, hizi za akili bandia. Hazipunguzi mvumo tu. Zinatafuta sauti ya mtu mmoja na kuzima dunia yote iliyobaki, na mahali sauti ilipofifia zinakisia ilivyopaswa kuwa na kuijaza. Hilo la kukisia tumelikataa bila mjadala mrefu, kwa maana neno lililokisiwa na mashine halikuhubiriwa na mtu. Kuhusu lile la kuzima, tulijaribu na ibada moja ya Majanji. Kusema kweli ilitoka safi ajabu, kila silabi mahali pake. Tulimpelekea mama mmoja makazini aisikilize, mama ambaye wanawe wawili wanaabudu kule. Alisikiliza mpaka mwisho, akatoa simu sikioni, akauliza, "Mchungaji, siku hiyo watu hawakuja?"

Nakala zote mbili za mwezi huu ziko kwa katibu wa vijana. Njoo na memori kadi yako baada ya ibada, umwambie unataka ipi.